Chenga Zinakwenda Wapi

Binamu yangu hupuliza. Ameinamia simu iliyobanwa mezani, taa ndogo imefungwa kichwani, anaachia pumzi fupi, fyuu, na kitu kama unga kinaruka kwenye mwanga na kupotea. Anainama tena. Fyuu. Ofisi yake, kama anavyoiita, ni chumba cha hatua tatu kwa nne hapo Tunduma, karibu na barabara ambako malori hupanga foleni kuvuka kwenda Nakonde. Simu anazotengeneza zinatoka pande zote mbili za mpaka. Nyingi zina ugonjwa mmoja: zimeanguka, kioo kimepasuka.

Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu biashara ndogondogo za mpakani. Nilikaa kwenye benchi lake siku nyingi nikisubiri watu wa kuhoji, na wengi hawakutokea. Basi nikawa namtazama yeye. Nikajua kwamba mwaka uliotangulia chenga moja ya kioo ilimwingia jichoni. Kwa siku tatu alidhani ni mchanga wa barabarani, akawa analisugua, mpaka jicho likawa halifunguki na ikabidi akatolewe na daktari. Nikajua pia kwamba binti yake, ambaye bado hajaanza shule, hushinda chini ya meza hiyohiyo mama yake anapokwenda sokoni.

Siku moja mteja alileta simu ya kukunja. Ilikuwa imekufa kwenye mkunjo. Binamu aliibandua karatasi ya plastiki ya juu, na chini yake tukakuta kioo chembamba kuliko ganda la kitunguu, kimepasuka vipande ambavyo ukivigusa vinapinda kabla ya kukatika. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Dada, wewe si unasoma historia? Hiki kitu wenyewe huko kiwandani wanakikataje, mbona mimi nikikishika tu kinageuka unga?"

Nilimwambia hilo si swali la historia. Nilikosea.

Nilianza kutafuta jibu karibu. Mita chache kutoka kwake kuna mzee mmoja anayekata vioo vya pembeni vya malori. Malori Tunduma hukwanguana kila siku, kwa hiyo mzee hakosi kazi. Chombo chake ni kijiti chenye gurudumu dogo la chuma kigumu nchani, chembamba kama ukingo wa shilingi. Anakichovya kwenye kopo la mafuta ya taa, anaweka rula, anavuta mstari mmoja tu, bila kurudia. Sauti yake ni kama ya mtu anayepasua kitambaa cha hariri. Kisha anaweka kioo ukingoni mwa meza, anabonyeza, na kioo kinaachana kwenye ule mstari. Mezani panabaki nini? Karibu hakuna kitu. Nilimuuliza mafuta ya taa ni ya nini. "Yanakusanya chenga," alisema, "na yanazuia mstari usijifunge."

Ukitazama vizuri, mzee hakati kioo. Anakikwaruza, halafu anakiacha kijipasue chenyewe. Watu wa zamani walifanya kazi hiyo kwa ncha ya almasi. Gurudumu la chuma lilipewa hataza Marekani mwaka 1869, kwa jina la Samuel Monce. Mbinu ni ileile: unafungua ufa mdogo na kuuonyesha njia.

Kuna namna nyingine ya kukata, nayo mkoa wa Songwe una mfano wake maarufu. Katika kijiji cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kipo kimondo chenye urefu wa takriban mita 3, karibu chote ni chuma na kiasi kidogo cha nikeli. Wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani; vitabu huhesabu kuanzia 1930, mpima ardhi W. H. Nott alipokiripoti. Baadaye mtaalamu wa jiolojia, D. R. Grantham, alitaka sampuli, akachukua msumeno wa mkono. Kukata kipande cha sentimita 10 kulimchukua saa kumi. Nilipokwenda kukiona nilitazama ule upande uliokatwa, nikawaza juu ya ule unga. Kwa sababu msumeno haupasui, unakula. Kila jino linaondoka na punje yake, na upana wote wa ubao wa msumeno unageuka vumbi. Hakuna aliyeandika vumbi la kimondo lilikwenda wapi. Labda bado liko palepale chini ya miguu yetu sisi tunaopiga picha.

Kwa hiyo njia ni mbili: kupasua, ambako chenga ni chache lakini ufa unaweza kukuasi, na kula, ambako unakwenda unakotaka lakini unalipa kwa vumbi. Nilipokuwa na hizo mbili mkononi, nikaanza kuona historia niliyokuwa nimesoma miaka yote bila kuliona vumbi lake.

Chukua shanga. Hakuna mwanafunzi wa historia ya pwani asiyezijua. Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960 alizikuta za kila rangi, nyingi ndogo kama punje za mtama. Sisi tumezoea kuzihesabu kama ushahidi wa biashara: kioo kinatoka ng'ambo ya bahari, dhahabu na pembe zinaondoka. Sawa. Lakini shanga ndogo ya aina ile ni kioo chembamba kilichokatwa. Nyingi zilitoka Bara Hindi, na katika kijiji cha Papanaidupet, jimbo la Andhra Pradesh, ufundi huo ulidumu hadi watafiti wa karne ya 20 wakaukuta. Kioo kilichoyeyuka huvutwa kuwa mrija mrefu, mwembamba, wenye tundu katikati. Mrija ukipoa hukatwakatwa vipande vidogo kwa ubapa wa chuma. Hapo huna shanga bado. Una rundo la vipande vyenye kingo kali kama wembe, pamoja na chenga zake.

Kisha unakuja ufundi ambao mimi naona ni wa akili kuliko wote. Vipande vinachanganywa na majivu na kurudishwa motoni mpaka kingo zilainike. Majivu yanazuia shanga zisigandane, na yakijaa ndani ya tundu yanalizuia lisizibe. Baadaye majivu hayo lazima yatoke, kwa hiyo shanga hutikiswa, hutwangwa kidogo, hupepetwa. Ukisoma maelezo ya kazi hiyo unadhani unasoma mambo ya jikoni kwa bibi. Venisi nako, ambako ndiko zilikotoka nyingi za karne ya 19, walifuata mantiki hiyohiyo kwa chokaa na unga wa mkaa. Mtu akavuta mrija, mtu akakata, mtu akapepeta. Na aliyepepeta ndiye aliyevuta hewa yenye majivu na kioo.

Shanga zikafika huku zikiwa laini. Misafara ilizibeba kutoka pwani, na Richard Burton, aliyepita njia ya kati kati ya 1857 na 1859, aliandika kurasa nyingi kuhusu aina zake na jinsi watu wa bara walivyochagua: rangi ikipitwa na wakati nchi fulani, mzigo mzima unakosa thamani. Baadaye biashara ikaja pia kutokea kusini, kupitia Ziwa Nyasa. Barabara iliyoitwa Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Nyasa na Tanganyika, ilipita karibu na hapa, na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ukapitisha mpaka karibu nayo. Yaani huu mpaka unaomlisha binamu yangu ulichorwa karibu na njia ya bidhaa. Mhindi wa Andhra na mtu wa Venisi walibaki na chenga. Bibi zetu wakapata kitu laini cha kuvaa kiunoni. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Nasema tu kwamba kwa karne nyingi sisi tulikuwa upande wa ile biashara usiokohoa.

Kukohoa kwenyewe kuliandikwa mapema. Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena, alitoa mwaka 1700 kitabu juu ya magonjwa ya mafundi, akiwamo mtengeneza kioo na mchonga mawe. Ni yeye aliyewahimiza madaktari wamuulize mgonjwa kazi yake ni ipi. Swali dogo. Binamu alipopelekwa kutolewa chenga, anasema, hakuna aliyemuuliza.

Hata hivyo, afya ya mfanyakazi siyo iliyowafanya wenye viwanda waanze kuzichukia chenga. Kilichowaamsha ni kioo chenyewe. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alichapisha utafiti uliojibu fumbo la siku nyingi: kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo mno kuliko inavyotarajiwa? Alivuta nyuzi za kioo nyembamba na kuona kuwa kadiri uzi unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyokuwa imara zaidi kwa kipimo chake. Udhaifu, alieleza, hauko ndani ya kioo bali kwenye mikwaruzo, nyufa ndogo zisizoonekana ambazo nguvu hujikusanya kwenye ncha zake. Ondoa mikwaruzo, kioo kinakuwa kitu kingine kabisa. Kifanye chembamba, kitapinda.

Fikiria maana yake kwa mtu anayekata. Kila chenga inayoruka na kutua juu ya kioo, ukiifuta kwa kitambaa, inakwaruza. Kila kijino kilichobaki ukingoni ni mdomo wa ufa unaosubiri. Kwenye dirisha la milimita nne utaishi nacho. Kwenye kioo cha mikroni 100, unene wa karatasi nzito, kama kile ambacho kampuni ya Corning ilikitangaza mwaka 2012 kwa jina la Willow, huwezi. Na kile cha simu ya kukunja ni chembamba zaidi, takriban mikroni 30, chini ya nusu ya unene wa unywele wa kawaida. Simu ya kwanza ya aina hiyo yenye kioo cha kweli kwenye mkunjo iliingia sokoni mwaka 2020. Kwa kioo kama hicho, chenga na uhai wa bidhaa ni jambo moja.

Gurudumu la mzee linashindwa hapo. Uzito wake tu unakivunja. Ndipo ikaitwa leza. Theodore Maiman aliiwasha ya kwanza tarehe 16 Mei 1960, na mwaka 1964 Kumar Patel, wa maabara za Bell, akaleta ile ya gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo mwanga wake kioo hakiwezi kuupitisha, kinaumeza na kupata moto. Watu wakadhani chenga zimekwisha. Hakuna chuma kinachogusa, hakuna jino linalokula, vumbi litoke wapi?

Lilitoka. Leza ikikata kwa kuchimba, kioo kinayeyuka, kinachemka, kinaruka kama mvuke na matone. Mvuke ukipoa unakuwa vumbi laini kuliko la msumeno wowote, na linatua palepale ulipotoka, juu ya kioo safi, likiwa bado la moto, linang'ang'ania kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Kwa hiyo wahandisi wa miaka yetu hii wanafanya mambo ambayo mpepetaji wa Andhra angeyaelewa upesi. Wanafunika kioo kwa utando wa plastiki au kukipaka kitu cha kuoshwa baadaye, ili vumbi litue huko. Wanapuliza hewa kutoka upande mmoja na kuinyonya upande wa pili, karibu kabisa na pale mwanga unapogusa, kwa sababu vumbi likishapata nafasi ya kutawanyika limekupiga chenga. Wengine hukata kioo kikiwa ndani ya maji. Wanaelekeza mwendo wa leza ili takataka ziangukie upande utakaotupwa.

Halafu, na hili ndilo lililomfurahisha binamu nilipomsimulia, walio hodari zaidi wamerudi kwa mzee wa malori. Wanapasha kioo kwa leza kwenye mstari na kukipoza ghafla nyuma yake, ufa unajivuta wenyewe, chenga hakuna. Au wanatumia mapigo mafupi mno ya mwanga, ya aina iliyowezekana baada ya kazi ya Donna Strickland na Gérard Mourou ya mwaka 1985 iliyowapa Nobeli mwaka 2018. Mapigo hayo hayachimbi. Yanadunga ndani ya kioo mstari wa vitundu vyembamba, kama mshono wa cherehani bila uzi, kisha kioo kinavunjwa kwenye mshono.

"Kwa hiyo wanakwaruza na kuvunja," alisema.

Ndiyo. Baada ya miaka sitini ya leza, wanakwaruza na kuvunja.

Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini.

Lakini yeye hana chumba kile chenye hewa iliyochujwa. Ana mashine ndogo ya leza aliyoinunua kwa kuchanga na mwenzake, na ni muhimu kueleza inafanya nini, maana wateja hudhani inakata kioo. Mwanga wake unapita ndani ya kioo cha mgongo wa simu bila kukidhuru, unakwenda kuunguza rangi na gundi iliyo nyuma yake. Gundi ikishaungua, kioo kinabanduliwa kwa kisu, kipande kwa kipande, na hapo ndipo panaporuka chenga. Kwa hiyo anapata vyote viwili: moshi wa gundi na kioo cha kuruka. Mashine ilikuja na bomba la kunyonya moshi. Lilipasuka mapema. Bomba lingine lingepaswa kuagizwa, na kila siku bila mashine ni siku bila hela.

Nilimuuliza daktari mmoja rafiki yangu kuhusu vumbi lenyewe. Akaniambia nisimtishe binamu kwa jambo lisilo lake: silika ya kioo si ile ya mawe ya migodini inayoharibu mapafu ya wachimbaji, mpangilio wake ni tofauti. Macho na ngozi, ndiyo. Kifua kinaweza kuwasha. Kinachomtia wasiwasi zaidi yeye ni ule moshi. Nilimshukuru, maana nilikuwa nimeshaandika aya nzima ya vitisho.

Kwenye karatasi, hatuko watupu. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na taka za kielektroniki nazo zina kanuni zake. Nilimsomea binamu baadhi ya vifungu. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza matangazo ya ndege ambayo hatapanda.

Swali alilouliza lilikuwa rahisi kuliko sheria: akizikusanya, azipeleke wapi? Chupa iliyovunjika ina kwao. Kiwanda cha Kioo Dar es Salaam huyeyusha chupa kuukuu pamoja na malighafi mpya, na kuna watu wanaoishi kwa kuziokota. Arusha na Kitengela kuna karakana zinazogeuza chupa kuwa shanga na mapambo. Huko Mapungubwe, kusini mwa Afrika, mafundi wa miaka elfu moja iliyopita waliyeyusha shanga ndogo zilizotoka baharini wakaunda kubwa za kwao, maana kioo hakikuwa kitu cha kutupa. Lakini kioo cha simu hakichanganyiki na cha chupa. Kina alumini nyingi ndani yake, kinahitaji moto mkali zaidi, na kikiingia kwenye tanuri la chupa kinabaki kama jiwe kwenye wali. Kimebandikwa gundi, kimepakwa rangi. Hakuna mwokotaji anayekitaka. Kwa hiyo kinafagiwa hadi mlangoni, mvua inakichukua, na mtaro unajua zaidi.

Hapo ndipo niliporudi kwenye shanga. Safari hii kiwandani ndiko kunakobaki laini. Huko wananyonya kila punje, kwa sababu punje moja inaharibu bidhaa. Kisha bidhaa inasafiri, inaanguka kwenye lami ya Tunduma, na chenga ambazo hazikuruhusiwa kuzaliwa kiwandani zinazaliwa juu ya meza ya binamu yangu, huku mtoto akiwa chini.

Kabla sijaondoka tulifanya mambo machache, na mengi tuliyaiba. Kutoka viwandani tuliiba utando: sasa kabla ya kubandua kioo anakifunika kwa selotepu pana, vipande vinabaki vimeshikana. Kutoka kwa mzee tuliiba wazo la kuloanisha. Hatukutumia mafuta ya taa, kwa sababu ya ile leza. Tulitumia kitambaa chenye maji cha kufutia meza badala ya kupuliza. Bomba la moshi tulilifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kulitolea nje dirishani, si suluhisho la kupigia picha. Miwani alikuwa nayo tangu jicho lilipoumia. Ilikuwa inaning'inia msumarini. Mtoto alihamishiwa kwa jirani anayeuza vitenge, ambaye alitaka kujua kwa nini hatukuomba siku zote hizo.

Kupuliza hakujaisha. Ni mazoea ya miaka, na pumzi haina gharama. Nikiwa pale alikuwa akijikamata mdomo ukiwa tayari umeshaviringwa, ananitazama, anachukua kitambaa.

Selotepu zenye chenga anazikunja na kuzisokomeza ndani ya chupa tupu ya maji, ya lita moja na nusu, na kufunga kizibo. Aliniuliza kwenye simu juzi kama nimepata pa kuipeleka. Bado. Ameiweka nyuma ya mlango, imejaa hadi shingoni, na ameshaanza ya pili.